Leza ya Uso kwa Ngozi ya Makamo: Namna ya Kujitayarisha, Kufanyiwa na Kujitunza kwa Wakaazi wa Malindi

Katika miaka yangu ya uuguzi hapa Malindi, swali ambalo akina mama waliovuka miaka hamsini huniuliza mwanzo kabisa kuhusu leza ya uso ni kama inamfanya mtu awe mweupe. Swali hilo limezaliwa na lugha yetu wenyewe, kwa kuwa neno tulilo nalo la kuondoa tabaka la juu la ngozi ni kuchubua, na kujichubua, kama kila mtu ajuavyo, ni kujipaka mkorogo ili rangi ipungue. Leza ninayoieleza hapa, yaani mwali wa mwanga mkali unaotolewa na mashine, haina kazi hiyo. Kazi yake ni kuijeruhi ngozi kwa kipimo kilichopangwa, ili mwili uijenge upya ikiwa laini zaidi na yenye mikunjo michache, huku rangi ya mtu ikibaki ile ile aliyozaliwa nayo. Rangi ikibadilika, iwe kwa kukolea au kwa kufifia, hayo ni madhara wala si mafanikio.

Ninaandika mwongozo huu kwa sababu nimeona nyuso zilizopona vizuri na nimeona zilizoharibika, na mara nyingi kilichozitenganisha hakikuwa ubora wa mashine. Mamangu mdogo alisafiri kwenda kliniki ya mji mwingine, akapigwa leza uso mzima kwa siku moja bila kujaribiwa kwanza mahali padogo, na kesho yake akapanda basi la mchana kurudi nyumbani. Wiki ya nne alibisha hodi kwangu, akaketi, akateremsha ukaya wake, akasema, "Mwanangu, hebu nitazame. Huu si uso, ni jamvi." Hakutia chumvi. Mashavuni mwake palikuwa na madoa madogo ya pembe nne, ya rangi ya kahawa iliyokolea, yamepangika safu kwa safu kufuata kila mahali kichwa cha mashine kilipowekwa, mfano wa ukili uliosukwa. Madoa hayo yalichukua miezi kumi na mmoja kufifia. Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza habari za leza mimi humwambia kwamba siku ya mashine ni sehemu ndogo ya kazi, pengine chini ya saa moja, na kwamba uso hutengenezwa au huharibiwa katika wiki sita za kabla na miezi mitatu ya baadaye.

Ngozi yenyewe

Chini ya tabaka la juu la ngozi kuna nyuzi za kolajeni, ambazo ndizo zinazoifanya ngozi ikaze na ijae. Nyuzi hizi hupungua kadiri umri unavyosonga, na kwa mwanamke kasi huongezeka hedhi inapokoma: katika miaka 5 ya kwanza baada ya hapo, takriban asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi inaweza kupotea. Jua nalo huzikata nyuzi hizo mapema kuliko umri ungezikata. Sisi wenye ngozi ya maji ya kunde na nyeusi tuna melanini nyingi, yaani rangi ya asili ya ngozi, inayotukinga kiasi, na ndiyo sababu mikunjo midogo midogo hutuchelewea. Uzee wetu huonekana kwanza kwa njia nyingine: rangi isiyo sawa, madoa mashavuni na kwenye paji, ngozi iliyokwaruza, vinyama vidogo vyeusi kando ya macho, mifereji kutoka puani hadi mdomoni, na mashavu yaliyoshuka.

Inafaa kujua mapema ni lipi kati ya hayo ambalo leza hulitibu. Mikunjo myembamba, ngozi iliyokwaruza, makovu ya chunusi za ujanani na vitundu vya asili vya ngozi vilivyopanuka huitikia vizuri. Mashavu yaliyoshuka na shingo iliyolegea haviinuliwi na leza, na yeyote anayekuahidi hivyo anakuuzia kitu ambacho hanacho. Vile vinyama vyeusi vidogo huondolewa kwa njia nyingine nyepesi, kimoja kimoja, kwa hiyo havihitaji uso mzima kuchomwa. Ama madoa mapana ya mashavuni yanayowapata wanawake wengi tangu wakati wa mimba, yale yanayoitwa melasma, hayo yanahitaji tahadhari ya pekee, kwa sababu joto la leza linaweza kuyaamsha yakarudi meusi kuliko yalivyokuwa.

Hapa Malindi kuna jambo moja ambalo limewapoteza wengi. Tunaishi na Waitaliano wazee, majirani zetu kwa miaka mingi, na wapo wanaofanyiwa leza kwao, kisha wakarudi nyuso zikiwa laini baada ya mara moja tu. Mtu wa mitaa yetu ya Shella au Barani akiwaona, hutaka afanyiwe kama wao walivyofanyiwa. Kipimo kinachoiacha ngozi ya Mzungu ikiwa nyekundu kwa siku kumi kinaweza kuiacha ngozi yetu na doa la mwaka mzima, kwa kuwa ngozi yenye melanini nyingi hujibu kila jeraha kwa kumwaga rangi. Mwaka 1975 daktari wa ngozi wa Marekani, Thomas Fitzpatrick, alianza kuzipanga ngozi kwa namna zinavyoitikia jua, na mpango huo sasa una madaraja sita. Wengi wetu tumo katika la tano na la sita, na baadhi ya watu wetu wenye asili ya Uarabuni au Uhindini wamo katika la nne. Daktari asiyekuuliza wala kukutazama kwa ajili ya jambo hili hajaanza kazi yake.

Mashine zinavyotofautiana

Zipo aina nyingi, lakini kwa mgonjwa yatosha kuelewa mgawanyo mmoja. Kuna leza zinazounguza tabaka la juu hadi likawa mvuke, na kuna zinazopita ndani zikapasha moto nyuzi za chini huku tabaka la juu likibaki. Katika kundi la kwanza imo leza ya kaboni dioksidi, iliyobuniwa mwaka 1964 na Kumar Patel katika maabara za Bell nchini Marekani, ambayo wimbi lake la mwanga lina urefu wa nanomita 10,600 (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita), na imo leza ya erbiamu yenye nanomita 2,940. Zote mbili hunyonywa na maji yaliyomo ndani ya seli za ngozi, na maji hayo yakichemka kwa ghafla seli hupotea. Ya erbiamu hunyonywa zaidi, hivyo huacha joto dogo pembeni na uponaji wake huwa wa haraka. Katika kundi la pili zimo leza za nanomita 1,540 au 1,550.

Zamani uso ulichomwa wote kwa pamoja. Mwaka 2004 ilielezwa njia ya kuugawa mwali kuwa nguzo nyembamba mno, kila moja ikitoboa kitundu kidogo kuliko ncha ya sindano na kuacha ngozi nzima kati yake. Ngozi hiyo iliyosalimika ndiyo inayoponya vitundu vya jirani, na kwa sababu hiyo njia ya vitundu imetufungulia mlango sisi ambao zamani tuliambiwa tukae mbali na leza. Maoni yangu kwa mwenye ngozi nyeusi ni haya: usikubali kuchomwa uso mzima kwa njia ya zamani, ambayo pamoja na madoa meusi inaweza kuleta weupe wa kudumu unaojitokeza miezi 6 hadi 12 baadaye, wakati mtu ameshasahau. Omba njia ya vitundu isiyounguza tabaka la juu, kwa mara 3 hadi 5, kila mara ikiachana na nyingine kwa wiki 4 hadi 8. Na katika kupanga kipimo, wingi wa vitundu kwenye eneo moja ndio unaoleta doa kuliko nguvu ya kila kitundu, kwa hiyo swali la kumuuliza daktari ni hili: "Utatumia wingi gani wa vitundu kwenye ngozi kama yangu, na umefanya nyuso ngapi za rangi hii?" Daktari mzoefu hatachukizwa na swali hilo, bali atakuonyesha picha.

Kabla ya leza, jaribu hivi

Sitamwandikia mtu safari ya Nairobi ambaye hajatumia kwanza krimu ya kukinga jua kila siku na krimu ya tretinoini, dawa ya jamii ya vitamini A, usiku, kwa maagizo ya daktari, kwa miezi 3 hadi 6. Hizo mbili zina ushahidi wa miaka mingi, gharama yake ni ndogo, na wapo niliowahudumia waliotosheka hapo hapo. Hata asiyetosheka hajapoteza kitu, kwa kuwa ngozi yake itaingia kwenye leza ikiwa imetulia, na yeye mwenyewe atakuwa amejifunza nidhamu ya kujipaka, ambayo baadaye ataihitaji kwa kila hali.

Wapo pia ambao wasifanyiwe kabisa, au wangoje. Mwenye historia ya makovu ya kuvimba, yale ya keloidi yanayoota hata kwa kutoboa sikio, aseme mapema. Mwenye mbalanga anaweza kupata mabaka mapya pale leza ilipopita. Mjamzito na anayenyonyesha wangoje. Mwenye kisukari ambacho sukari yake bado inapanda na kushuka, anayetumia dawa za kupunguza kuganda kwa damu, aliyewahi kupigwa mionzi usoni, na aliyetumia vidonge vya isotretinoini vya chunusi katika miezi 6 iliyopita, hawa wote waamuliwe na daktari mmoja mmoja. Mwenye chunusi zinazotoa usaha au malengelenge mdomoni leo hafanyiwi leo.

Kumchagua daktari

Wengi wetu tutasafiri, ama Mombasa, ambayo ni kilomita 120 hivi kutoka Malindi, ama Nairobi. Anayekufanyia awe daktari wa ngozi au daktari wa upasuaji wa kurekebisha, aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Kenya na mwenye leseni ya mwaka huu. Jina lake unaweza kulitafuta katika orodha ya Baraza kwenye intaneti kabla hujalipa hata nauli. Saluni yenye mashine ya leza ya kuondoa nywele si mahali pa kazi hii, hata kama mwenye saluni ni mtu mwema na mnajuana tangu chuoni.

Sharti moja nalishikilia kuliko yote: kujaribiwa mahali padogo. Daktari apige leza sehemu ndogo nyuma ya sikio au chini ya taya, kwa kipimo kile kile anachokusudia kukitumia usoni, kisha mngoje wiki 6 hadi 8. Doa la ngozi nyeusi halitokei siku ya pili. Hutokea wiki ya tatu au ya nne, wakati ngozi imekwisha kupona na mtu amekwisha kujipongeza. Najua safari mbili ni gharama mara mbili. Mamangu mdogo aliokoa nauli ya safari moja, akalipa miezi kumi na mmoja ya kujifunika.

Msimu, na wiki sita za kabla

Kwa mkaazi wa pwani, kuchagua mwezi ni sehemu ya tiba. Kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, ina jua kali na joto, na ndiyo miezi ya harusi na wageni. Mimi huwashauri watu wafanyiwe kuanzia Mei hadi Julai, wakati wa masika na mwanzo wa kusi, mawingu yakiwa mengi na joto limepungua, ijapokuwa hata chini ya mawingu mionzi ya jua hupita na krimu haiachwi. Tazama pia kalenda yako: mwenye nia ya kwenda Hija au Umra asifanyiwe katika miezi mitatu ya kabla ya safari, na arusi ya mwanao isiwe ndani ya wiki sita. Ramadhani nayo naona ni bora ipite kwanza, kwa sababu uso unaopona unataka maji ya kunywa na dawa kwa saa zake.

Katika wiki sita za kabla, jambo la kwanza ni kusema kweli kuhusu mkorogo. Sheria ya Kenya inakataza vipodozi vyenye zebaki au haidrokwinoni, ambayo ni dawa ya kufifisha rangi, lakini bado vinauzwa, na mchanganyiko wa nyumbani mara nyingi una dawa kali ya steroidi ndani yake. Steroidi hukondesha ngozi, na ngozi iliyokonda haivumilii leza. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa miaka huweza kuleta weusi wa samawati usiotoka. Hakuna atakayekulaumu, angalau mimi simlaumu mtu, kwa sababu najua ni maneno gani watoto wa kike wamekuwa wakiambiwa kuhusu rangi zao. Beba mkebe wenyewe ukamwonyeshe daktari. Huenda akaahirisha leza kwa miezi kadhaa, na akifanya hivyo ujue amekuhurumia. Usishangae daktari huyo huyo akikuandikia dawa ya kutuliza rangi kwa muda mfupi kabla ya leza. Dawa iliyopimwa na kusimamiwa ni jambo jingine kabisa.

Acha ndimu usoni, kwa kuwa maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza na kuacha doa. Acha vipodozi vyetu vya asili, yaani manjano, dalia, singo na liwa, tangu wiki mbili za kabla. Liwa haina ubaya wake kwa siku za kawaida, nami naipenda kwa ubaridi wake, lakini ngozi inayongoja leza haitaki kusuguliwa wala kupakwa kitu chenye manukato. Kung'oa nywele za uso kwa uzi pia kusimame wiki mbili, na tretinoini isimame kama wiki moja kabla, kwa kadiri daktari atakavyosema. Mvutaji wa sigara aache angalau wiki nne, kwani sigara hubana mishipa midogo ya damu na jeraha huchelewa. Na ikiwa umewahi hata mara moja kupata malengelenge ya mdomoni ya virusi vya hapisi, daktari akupe vidonge vya kuvizuia, uvianze siku moja kabla na uendelee hadi ngozi ifunge. Virusi hivyo vikiamka juu ya uso uliochomwa husambaa uso mzima na kuacha makovu. Usilichukulie hili kuwa dogo.

Nunua vifaa kabla ya safari: vaselini isiyo na manukato, sabuni ya maji ya upole, shashi safi, foronya mbili za pamba, mwavuli mweusi mpana, na krimu ya kukinga jua ya nambari 30 au zaidi (nambari ya kinga iliyoandikwa SPF). Kwa ngozi yetu bora ni ile yenye rangi ya udongo ndani yake, kwa sababu ile rangi hutokana na oksidi ya chuma inayozuia mwanga wa kawaida unaoonekana, na mwanga huo nao huchochea madoa kwa watu weusi, jambo ambalo krimu nyingi zisizo na rangi hazilizuii.

Siku yenyewe

Nenda uso ukiwa umeoshwa, bila wanja wala marashi. Utapakwa krimu ya ganzi kwa muda wa dakika 45 hadi 60. Iache ipakwe kliniki, na usijipake mwenyewe nyumbani ukavaa nailoni juu yake, kwa sababu ganzi nyingi ikiingia mwilini inaweza kusumbua moyo na ubongo. Macho yako yafunikwe kwa vikinga maalumu, na kila aliye chumbani avae miwani yake. Ikiwa ni leza inayounguza, pawe na mashine ya kuvuta moshi karibu na uso, na pamba za spirti ziwe zimeondolewa na ngozi imekauka. Ukiona mambo haya hayapo, una haki ya kuinuka na kuondoka, hata ukiwa umekwisha kulipa.

Maumivu yake ni kama cheche za mafuta zinaporuka kutoka kwenye karai, nyingi kwa pamoja, na hewa baridi hupulizwa ili kuzituliza. Kwa kawaida huchukua dakika 20 hadi 60. Shingo ifanyiwe kwa kipimo kidogo kuliko uso au iachwe, kwa kuwa ina tezi chache zinazosaidia ngozi kujijenga, na hupata kovu upesi.

Baada ya hapo

Lala kwa jamaa. Hilo ndilo agizo langu la kwanza kwa waliofanyiwa Mombasa au Nairobi: usirudi Malindi siku hiyo wala ya pili yake. Kwa leza isiyounguza kaa siku 3 au 4. Kwa ile ya vitundu inayounguza kaa siku 7. Ukilazimika kusafiri, safiri baada ya magharibi, kwa kuwa kioo cha dirisha la gari huzuia aina moja tu ya mionzi na huipitisha nyingine. Wenzetu wa Lamu wana kazi zaidi, kwani hata wakishuka kwenye uwanja wa ndege wa Manda au kwenye gati la Mokowe bado kuna mashua, na maji ya bahari hurudisha jua usoni kutoka chini, ambako mwavuli haufiki. Wao wangoje wiki nzima, na wavuke asubuhi na mapema.

Siku tatu za mwanzo uso huvimba, na siku ya pili macho yanaweza kuwa membamba kama ya aliyelia usiku kucha. Lalia mito miwili ili kichwa kiinuke, na uweke barafu iliyofungwa kwa kitambaa, dakika kumi kwa wakati. Osha uso mara mbili hadi nne kwa siku kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya visima vyetu vingi yana chumvi, na mengine yana vijidudu, kwa hiyo usiyatumie kama yalivyo, hata kwa udhu. Mwenye jeraha linalodhuriwa na maji amepewa ruhusa katika dini. Namna ya kuitumia muulize sheikh wako kabla ya safari, ili usije ukabaki na wasiwasi wa sala wakati wa kupona. Ukiisha kuosha, kausha kwa kugusagusa na shashi, kisha paka vaselini utando mwembamba, na urudie kila inapokauka. Usitumie krimu za antibiotiki za dukani bila kuagizwa, kwani baadhi yake huleta mzio mkali juu ya ngozi iliyo wazi. Mafuta ya nazi na ya habasoda yangoje pia. Magamba ya rangi ya kahawa yataanza kudondoka siku ya tatu au ya nne, nawe utatamani kuyabandua, hasa pembeni mwa pua. Kila gamba lililobanduliwa kabla ya wakati wake ni doa unalolipanda mwenyewe.

Sasa nije kwenye jikoni, kwa sababu sijaona mwongozo unaolitaja. Mama wa Malindi anayejisikia vizuri siku ya tano huinuka akawasha jiko la makaa, akainamia karai la mahamri. Joto lile, hata bila jua, huipanua mishipa ya damu ya ngozi changa na kuchochea rangi, na mvuke na jasho vinaongeza kuwasha. Kwa wiki mbili mpishi awe mwingine nyumbani. Udi na ubani vivyo hivyo: fukiza nguo ukipenda, ukiwa umekaa chumba kingine, lakini usijifukize wewe wala usiinamishe uso juu ya chetezo kwa mwezi mzima, na marashi yasifike juu ya kifua.

Mara ngozi inapofunga, kwa kawaida kati ya siku ya 5 na ya 10 kwa leza ya vitundu, krimu ya kukinga jua huanza na haiachwi tena. Kipimo chake ni mistari miwili iliyojaa kwenye kidole cha shahada na cha kati, kwa uso na shingo, na hurudiwa kila saa mbili ukiwa nje. Buibui na ukaya husaidia, na anayevaa nikabu ana kivuli cha ziada, ila kitambaa kiwe cha pamba, kifuliwe kila siku, kisisugue. Na kitambaa chepesi hakitoshi peke yake bila krimu. Jitahidi shughuli za nje zifanywe kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni.

Kuna dalili ambazo hazingoji. Maumivu yanayoongezeka baada ya siku ya pili badala ya kupungua, usaha, maganda ya manjano, homa, malengelenge mapya, vipele vingi vinavyowasha mno, yote hayo ni ya kumpigia daktari siku hiyo hiyo, na kama hapatikani nenda hospitali iliyo karibu ukiwa na karatasi yako ya matibabu. Mahali panapobaki pagumu na pekundu wiki ya tatu panaweza kuwa mwanzo wa kovu, na kovu likitibiwa mapema hulainika. Ndiyo maana nasisitiza upate nambari ya simu ya daktari kabla hujaondoka, na umtumie picha siku ya 1, ya 3 na ya 7, hata ukijiona mzima. Doa jeusi likitokea wiki ya nne, usirudi kwenye mkorogo kwa hofu. Daktari ana krimu za kulitibu, na madoa mengi ya aina hii hufifia kwa miezi, mradi jua lisiyafikie.

Kuhusu matokeo, ulaini wa wiki ya pili usikudanganye, kwa kuwa sehemu yake ni uvimbe tu. Kolajeni mpya hujengwa polepole, na uso wa kweli huonekana kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Piga picha siku moja kabla ya leza, ukiwa umesimama mahali pamoja, karibu na dirisha lile lile, saa ile ile ya asubuhi, bila kipodozi. Mwezi wa sita simama pale pale upige nyingine, uziweke mbili hizo kando kwa kando, ndipo wewe na daktari wako muamue kama kuna haja ya kurudia.